Habari Ambayo Mhariri Aliiogopa

Siku Mhariri aliponifanyia usaili, alinisikiliza nikisoma taarifa ya habari huku amefumba macho. Kwa mwaka mzima niliwasimulia watu kwamba sauti yangu ilimgusa mpaka akashindwa kuyafumbua. Mwaka wa pili akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba siku ile alikuwa anaumwa kichwa, na kwamba alinichukua mimi kwa sababu yule niliyeshindana naye alichelewa.

Pale redioni sote tulimwita Mhariri. Wasikilizaji walimwita Mama Mhariri. Jina lake lilikuwepo kwenye barua za kazi, na sidhani kama kuna aliyelitumia. Tulikuwa Mbinga mjini, kwenye kajengo ka vyumba vinne nyuma ya duka la pembejeo, tukisoma habari huku tunanusa mbolea. Alizaliwa kijiji gani, baba yake alikuwa nani, sijui. Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja na sikuwahi kumuuliza, kwa kuwa muda mwingi nilikuwa najizungumzia mwenyewe.

Alikuwa mfupi, na mwaka mzima alivaa sweta la kiume la kijivu, hata Januari jua likiwaka. Hakuhariri kwa kusoma karatasi. Ulitakiwa usimame mbele ya meza yake umsomee, naye ana ungo mapajani, anachambua maharage ya nyumbani kwake. Ukisoma vizuri, mkono unaendelea: jiwe huku, haragwe kule. Mkono ukisimama, ujue kuna neno. Hakukwambia ni neno gani. Ulirudi nyuma sentensi moja moja mpaka mkono uanze tena. Nimewahi kusimama pale nusu saa kwa habari ya uzinduzi wa kisima.

Ukimwona hivyo ungedhani ni mtu mkavu. Hapana. Alipenda umbea kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Alijua nani kagombana na nani kwenye kwaya, nani kaoa bila kumwambia padre, nani kahamisha mpaka wa shamba. Misiba hakukosa hata mmoja, na huko aliimba kwa sauti kubwa isiyofuata wimbo, hadi viongozi wa kwaya wakawa wanapunguza mwendo wamsubiri. Nyumbani kwake hakuwa na redio. Nilipomuuliza sababu, alisema mchana kutwa amenisikiliza mimi, jioni ana haki ya kupumzika.

Alikuwa pia mwoga, na hilo nalisema kwa heshima. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, alimwogopa Meneja wetu kupita kiasi. Lakini palikuwa na habari ya aina moja aliyoiogopa kuliko vyote hivyo, nayo ni habari ya mtu aliyejiua. Ikija, aliweka ungo chini kabisa. Wakati huo niliuona ni woga wa kizamani. Niliamini mtangazaji mwenye sauti kama yangu ameumbwa kwa ajili ya habari za namna hiyo.

Mwaka wangu wa tatu, Mhariri aliomba likizo akashuka ziwani kumuuguza dada yake, aliyelazwa katika hospitali moja ya huko. Dawati aliniachia mimi. Siku ya nne ikaja taarifa kutoka kijiji cha mlimani: mkulima mmoja wa kahawa, baba wa watoto wanne, amejiua.

Namna alivyofariki, mahali alipokutwa na maneno aliyoyaacha sitayasema hapa. Nilikwisha kuyasema mara tatu kwa siku moja, inatosha. Nilisema amechukua maamuzi magumu. Nilisema chanzo ni wivu wa mapenzi, maneno niliyoyapata kwa jirani ambaye naye aliyasikia kilabuni. Nikaweka chini ya sauti yangu kinanda cha huzuni, na kabla ya sentensi ya mwisho nikanyamaza kidogo. Mnyamazo ule niliufanyia mazoezi chooni.

Simu zikaanza kuita. Msikilizaji mmoja alisema amelia. Nilimwomba arudie kwa sauti ili Meneja, aliyekuwa amesimama mlangoni, asikie vizuri. Jioni nikairudia habari nzima nikisema ni kwa maombi ya wasikilizaji. Maombi yenyewe yalikuwa mawili, na moja lilitoka kwa binamu yangu.

Mhariri alirudi Jumatatu na kifurushi cha dagaa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaketi, akachukua ungo wake. Akaniomba nimsomee ile habari ya mkulima. Nilisimama nikamsomea kwa moyo wote, na mnyamazo nikauweka. Kwenye sentensi ya tatu mkono ukasimama. Nikarudi nyuma. Haukuanza. Nikasoma mpaka mwisho, na ungo umetulia mapajani kama mtoto aliyelala.

"Hapo umetoa habari," akaniuliza, "au umetoa maelekezo?"

Nilijibu kwamba yote niliyosema ni kweli, nimeyahakikisha kwa mtendaji wa kijiji. Akasema hakuniuliza kama ni kweli.

Kisha akanisimulia, taratibu, kilichotokea wodini. Kwenye kitanda jirani na cha dada yake alilala binti mshonaji, aliyeletwa siku mbili kabla baada ya kujaribu kujiua. Aliokolewa. Asubuhi ile niliyosoma habari, wauguzi walikuwa wamefanikiwa kumfanya akubali uji kwa mara ya kwanza, na alikuwa amefika nusu kikombe. Mtu mmoja aliyekuja kumuuguza ndugu yake alikuwa na redio dirishani. Sauti yangu ikaingia. Mhariri alisema mwanzoni yeye mwenyewe alijisikia fahari, akamwambia dada yake kwamba huyo ndiye kijana wetu. Halafu akamwona yule binti ameweka kikombe chini. Anasikiliza. Anasikiliza kama mtu anayeelekezwa nyumba anayokusudia kwenda.

Muuguzi alipokimbia kuizima redio, mimi nilikuwa nimekwisha kumaliza mnyamazo wangu. Binti akageukia ukutani, na uji ule haukunyweka siku hiyo. Mhariri alikaa naye mpaka jioni.

Niliuliza haraka haraka kama alipona. Nakiri nilichotaka kusikia ni kwamba mimi sina kosa. Akasema alimwacha anakula, kwa kazi ya wauguzi. Ningependelea anitukane.

Alhamisi akaniambia tunakwenda mlimani kwa wafiwa, na nisibebe kinasa sauti. Sikukibeba. Niliweka simu mfuko wa shati, nimeiandaa tayari kurekodi, endapo mjane atasema jambo zito. Nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Nyumba ilikuwa juu ya mteremko uliochimbwa ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isibebe shamba, na mibuni ilikuwa imeanza kuiva bila mtu wa kuichuma. Mjane alitupokea vizuri, akatupa viti, akamsalimu Mhariri kwa kupiga magoti. Nilipotoa pole yangu alinitazama.

"Wewe ndiye wa redio," akasema. "Nimekutambua kwa sauti, kaka."

Mungu anisamehe, moyo wangu ulifurahi. Ulifurahi kwa muda ule tu alioutumia kuvuta pumzi.

"Mwanangu wa darasa la tano alikuwa hajui baba yake amekufaje. Nilimwambia baba aliugua. Nilikuwa nasubiri padre aje tumweleze pamoja, polepole. Akasikia kwako."

Hakulia wala hakupaza sauti. Akaendelea kueleza kwamba wakwe zake hawali tena kwake, kwa sababu redio imesema chanzo ni wivu wa mapenzi, na kama kuna wivu basi kuna mwanamke aliyeusababisha. Mume wake alikuwa halali usiku kwa miezi. Alikuwa akisema yeye ni mzigo kwa watu. Aliacha kuhesabu miche yake, yeye aliyekuwa akiijua mmoja mmoja. Mara mbili walikwenda zahanati, na safari ya kumleta Mbinga kwa wataalamu ilikuwa imepangwa juma lililofuata. Hayo yote jirani wa kilabuni hakuyajua, na mimi sikumtafuta aliyeyajua.

Nilitegemea Mhariri anigeukie. Badala yake akasema, "Mwanangu, tumekukosea. Kosa ni la redio, na redio ni mimi." Yeye, aliyekuwa wodini siku ile. Mimi niliyesoma niliangalia viatu vyangu, na mkono nikauingiza mfukoni nikaizima simu.

Tulipoaga, Mhariri aliuliza kama kuna jambo angependa tuseme au tusiseme. Mjane akasema tusilitaje tena jina la mumewe. Na kama lazima tuseme kitu, tuseme alikuwa mgonjwa, na walikuwa wanamtafutia dawa.

Habari ya kusahihisha ile ya kwanza niliiandika mara tisa. Kila nilipofika mezani mkono ulisimama. Mara ya kwanza nilikuwa bado nimeweka kinanda. Mara ya nne nilikuwa nimejiweka mimi mwenyewe ndani, nikiungama kwa ufasaha mkubwa, na Mhariri akaniuliza kama huu sasa ni msiba wangu. Iliyokwenda hewani ilikuwa fupi. Ilisema taarifa yetu ya kwanza ilikosea kwa kutaja sababu na kueleza tusiyopaswa kueleza, tukaomba radhi. Ikasema huzuni inayomfanya mtu aone kifo ndiyo njia ni ugonjwa, na una tiba. Muuguzi wa afya ya akili akaeleza kwa lugha ya kawaida dalili za kuangalia nyumbani na pa kwenda.

Hakuna aliyepiga simu, hata binamu yangu. Niliingia ofisini nimenuna kumwambia Mhariri kwamba habari imepita kimya.

"Vizuri," akasema.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza, ingawa si kwa hiari. Alikuwa na maswali machache aliyoyarudia mpaka yakawa yananijia hata nikiwa nakula. Siku moja nilileta taarifa niliyoinakili kama ilivyo, kwamba mama fulani alijaribu kujiua bila mafanikio. Mkono ukasimama. Akaniuliza, "Mafanikio yangekuwa yapi?" Mpaka leo nikisikia maneno hayo kwenye redio yoyote najikuta nasogea mbali nayo.

Kuhusu chanzo alikuwa mkali zaidi. Ukimletea kwamba mtu amejiua kwa sababu ya mtihani, au mapenzi, au ugomvi na kaka yake, angesema, "Ameishi miaka arobaini na miwili, wewe umeimaliza kwa maneno mawili." Hakukataa kwamba mambo hayo yanaumiza. Alichokataa ni kumwambia msikilizaji mwingine, mwenye ugomvi kama huo asubuhi ile ile, kwamba mwisho wake unajulikana. Wala hakutaka marehemu apambwe. Nikiandika kwamba sasa amepumzika na mateso, aliuliza nimejuaje, na nani anayenisikiliza sasa hivi naye amechoka.

Na kila habari ya aina hiyo ilibidi iishie kwa maneno yale yale, aliyoyaandika mwenyewe: kama wewe au mtu wako wa karibu ana mawazo ya kufa, usiyabebe peke yako, mwambie mtu unayemwamini, au nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mimi niliyaona maneno hayo yananiharibia mwisho. Nilikuwa nayasoma mbio mbio, kwa sauti ya wale wanaosoma masharti ya bahati nasibu. Yeye kila siku alinirudisha nisome tena, na mimi kila siku nilikimbia.

Asidhani mtu kwamba aliyekuwa mwangalifu hivyo kwa maneno hewani alikuwa hivyo kila mahali. Nimemsikia akimwambia mwalimu wa kwaya, mbele ya kanisa, maneno ambayo hakuna kituo kingeyarusha. Alipenda kusifiwa pia. Ukimwambia sweta limempendeza, kipindi chako kingeweza kupata dakika tano za ziada. Nililitumia hilo sana.

Halafu ikaja ile siku ya mwanafunzi. Alikuwa wa sekondari moja ya eneo letu, na alijiua. Kabla ya saa sita mchana kila simu mjini ilikuwa na picha na maelezo, kila kundi la mtandaoni lina sababu yake. Sisi tulikuwa kimya. Watu wakaanza kutuita Redio Usingizi. Dereva wa bodaboda alikataa kunibeba mpaka nimweleze tunaficha nini. Mchana Meneja akamwita Mhariri ofisini kwake.

Mhariri aliniomba nimsindikize. Nje ya mlango wa Meneja alinishika mkono wa shati. Nilimwona akimeza mate kama mtoto anayekwenda kuchapwa. Kisha akagonga.

Ndani alizungumza kwa sauti ya chini mno hadi Meneja akamtaka arudie. Akarudia. Alisema tutatoa sentensi moja kuhusu kifo cha mtoto yule, bila jina lake wala namna. Baada ya hapo tutazungumza na wanafunzi waliobaki, kwa sababu wao ndio wanaosikiliza, na wengine wao hivi sasa wanaona mwenzao amepata umaarufu ambao wao hawajawahi kuupata. Tutamleta muuguzi, mwalimu na mzazi. Tutaeleza mtoto aliyelemewa anaonekanaje na mtu amkaribie vipi. Na kama Meneja anataka vinginevyo, kipaza sauti kipo, aingie asome mwenyewe.

Meneja alinigeukia mimi, mtangazaji mkuu, akaniuliza maoni yangu. Nilikuwa nimeishi na somo la yule mjane karibu miaka saba. Nilikohoa nikasema kwamba pande zote mbili zina hoja.

Meneja alikubali, sijui kwa hoja au kwa kuchoka. Kwenye korido Mhariri alifuta jasho kwa kiwiko cha sweta, akaniambia, "Asante kwa kunisindikiza." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananicheka.

Vipindi vilikwenda kwa majuma matatu. Wanafunzi waliandika maswali kwenye vikaratasi wakavileta kwa walimu wao, mengine ya kuchekesha, mengine ya kuumiza. Muuguzi aliyajibu moja moja. Kwa nilivyosikia, wachache waliomba kuonana naye baadaye. Mimi nilitaka zaidi. Nilitaka mtu mmoja tu aje na jina lake aseme redio imemwokoa, ikibidi na sauti ya mtangazaji imesaidia. Nilimuuliza Mhariri iwapo tunajua tumemsaidia nani.

"Mtu ambaye hakufa hana habari," akasema. "Yuko shambani anapalilia maharage. Utamtangazaje?"

Alistaafu mwaka uliofuata akahamia Mbamba Bay karibu na dada yake. Dawati likawa langu. Nilinunua ungo. Nikaleta maharage, nikawasimamisha waandishi mbele yangu wasome, na mkono wangu ukawa unasimama mahali penye uzito. Baada ya juma moja mke wangu alivunja jino kwa jiwe kwenye mboga, akaniambia nichague, nihariri au nichambue. Nikarudisha ungo jikoni. Maswali ya Mhariri ndiyo niliyoendelea nayo, na kwa hayo sikuwa mbaya sana.

Mwaka juzi koo langu liliota uvimbe. Daktari wa mkoani aliutoa, akasema nimshukuru Mungu haukuwa wa hatari, nami nikamshukuru. Ila sauti iliporudi haikuwa sauti. Ilikuwa kama mashine ya kusaga inayowashwa asubuhi ya baridi. Nilijaribu kusoma habari mara moja, msikilizaji akapiga simu kuuliza kama kuna hitilafu ya mitambo. Meneja kwa upole akanihamishia chumba cha kumbukumbu, nipange kanda za zamani, ambazo nyingi zilikuwa na mimi ndani.

Nilikuwa nikiwachekesha watu kwa hilo. Niliwaambia nimekuwa mlinzi wa kaburi langu, wakacheka, nikacheka. Nyumbani nilikuwa silali. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Nikaanza kumpita mke wangu sebuleni kama mpangaji mwenzangu. Nilichokuwa nikikiwaza sitakieleza kwa undani. Niliwaza kwamba pangebaki nafasi na hakuna ambaye angeiona, na wazo hilo lilikuja mara nyingi mpaka likaacha kunitisha. Lingeendelea kunitisha, ningekuwa salama zaidi.

Asubuhi moja nilikuwa chumba kile, mlango wa studio uko wazi, na binti aliyechukua nafasi yangu alikuwa anamalizia habari ya kifo kimoja upande wa Kingerikiti. Sentensi mbili tu. Kisha akasoma maneno ya mwisho, yale ya Mhariri. Nimeyasoma mara mamia. Yeye hakuyakimbilia. Alisoma kama mtu anayezungumza na mtu mmoja aliyeketi mbele yake, na alipofika kwenye kumwambia mtu unayemwamini, nilikaa kwenye boksi la kanda. Nilijiuliza ni nani. Mchana nikaomba ruhusa ya siku mbili. Nilimwambia Meneja nakwenda ziwani kumsalimia Mhariri.

Nilimkuta uani kwake Mbamba Bay, amevaa sweta lile kwenye joto la ziwa, anageuza dagaa waliotandazwa juani huku akimfokea kuku. Nikampa shikamoo kwa ile sauti yangu mpya. "Marahaba, mwanangu," akasema, akanitazama kidogo zaidi ya kawaida, akanionyesha upande wa pili wa wavu nianze kugeuza. Alinipa habari za mtaa mzima: nani ameachana na nani, mchungaji amegombana na fundi gani. Dagaa walipokwisha kugeuzwa aliniletea kigoda, naye akaketi. Akauliza kama anayeuliza iwapo nimekula.

"Mwanangu, unawaza kujiua?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilianza na moja, kwamba kwa ujumla hali ya afya ni ya kuridhisha isipokuwa changamoto ndogo ndogo, nikizungumza kama diwani. Hakunikatiza. Alisubiri mpaka diwani akaishiwa.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

"Asante kwa kuniambia."

Hakushtuka, hakunihubiria, wala hakuniambia nimfikirie Mungu na watoto. Aliniuliza kama ni leo. Aliniuliza kama kuna kitu nimekiandaa. Nilimjibu ukweli, na kumjibu kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, kwa sababu aliuliza kama fundi anayeuliza bati linavuja upande gani. Kisha akasema nitalala kwake, asubuhi tutakwenda hospitali pamoja, na sasa hivi nimpigie mke wangu, maana hastahili kuwa wa mwisho kujua. Nikampigia. Mke wangu akasema alikuwa anaogopa kuniuliza, akidhani akitamka ndipo atanipa wazo. Mhariri, aliyekuwa anasikiliza bila kujificha, alitikisa kichwa, akanionyesha kwa ishara nimpe simu. Walizungumza karibu saa nzima. Nusu yake ilikuwa umbea.

Asubuhi tulikuwa wa sita kwenye benchi la hospitali. Nilimwambia anaweza kurudi kwa dagaa wake, nimekwisha kufika, siwezi kupotea tena. Baada ya muda niligundua amesinzia, kichwa chake begani kwangu, mdomo wazi kidogo. Nilikaa hivyo bila kusogea, mguu ukafa ganzi. Mimi ambaye maisha yangu yote sijawahi kunyamaza nusu saa kwa hiari, nilinyamaza nusu saa nisimwamshe mwanamke mzee.

Waliponiita aliamka kabla sijasimama. Alinifuata mpaka mlangoni, akanitoa uzi uliokuwa kwenye kola.

"Ingia," akasema. "Mimi nipo hapa hapa."

Nilikaa ndani muda mrefu. Nililia pia, bila mnyamazo wowote wa kupanga. Mtabibu alikuwa kijana wa umri wa kuweza kuwa mwanangu, hakunijua, na hakuonekana kuona ajabu yoyote kwa niliyomwambia. Aliandika, akauliza, akaandika. Akanipa karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi, akaniambia kutakuwa na tarehe nyingi za kurudi, nisichoke.

Nilipotoka, Mhariri alikuwa amekwisha kuingia kwenye mabishano na mama mmoja asiyemfahamu, juu ya namna ya kupika mbasa: huyu anataka nyanya, yule anasema nyanya ni kumharibu samaki. Hakuniuliza nimesema nini ndani. Alisogea kwenye benchi, nikakaa, tukasubiri zamu yetu ya dirisha la dawa.